Dume wa Dorper Si Jibu la Kila Swali

"Daktari, nitafutie kondoo dume wa Dorper, safi kabisa, pesa si shida." Simu za namna hii huanza Ijumaa jioni, mpigaji akiwa amekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa akielekea shambani. Nikimuuliza majike alionao ni wa aina gani, hunyamaza. Nikimuuliza shamba liko wapi, nani analala huko na nyasi za mwezi wa tisa zitatoka wapi, huona ninampotezea wakati. Ameshaamua. Jirani analo kundi la Dorper, kikundi cha WhatsApp kimejaa picha za Dorper, na kuna mtu alimwambia kwamba kondoo wa kienyeji ni hasara tupu.

Nimechoka kulijibu jambo hili mteja mmoja mmoja. Na mengine yanayofuatana nalo pia. Basi nayajibu hapa, kauli moja ya wateja baada ya nyingine.

"Dorper ni bora kuliko kondoo wetu, popote pale"

Sina ugomvi na Dorper. Ni kondoo wa nyama hasa: kifua kipana, mgongo umenyooka, mapaja yamejaa hadi chini, na hahitaji kukatwa sufu. Alitengenezwa Afrika Kusini kati ya miaka ya 1930 na 1940, Dorset Horn wa Uingereza akichanganywa na Blackhead Persian, ambaye kwa asili ni kondoo wa upande wetu huu, wa Somalia. Nia ilikuwa kupata mwanakondoo wa kukua haraka katika nchi kavu kama Karoo. Wauzaji hupenda kutaja kilo 36 katika miezi mitatu na nusu hadi minne. Penye malisho mazuri na mama mwenye maziwa, hizo kilo zinapatikana.

Tatizo ni kwamba mteja wangu hushika zile kilo 36 na kuiacha Karoo. Nchi kavu ina nafuu yake: minyoo haistawi. Mayai yanaanguka na kinyesi kwenye ardhi iliyokauka, na mabuu mengi hufa kabla ya kupanda kwenye jani. Kondoo aliyelelewa hivyo vizazi kwa vizazi hakuchujwa na minyoo. Sasa mlete Kiserian au kando ya mto Athi mwezi wa tano, umande ukiwa bado juu ya nyasi saa nne asubuhi, umfungie ndani ya ekari tano zilizozungushiwa waya, alishe palepale alipokunya wiki iliyopita. Humo anamsubiri Haemonchus, mnyoo wa tumbo la nne anayeishi kwa kunyonya damu. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku, na kutoka buu kumezwa hadi mnyoo mpya kuanza kutaga ni kama wiki tatu tu. Piga hesabu ya mvua za masika nzima.

Red Maasai, yule kondoo mwekundu wa mkia mnene anayedharauliwa, amepita katika chujio hilo. Haya si maneno ya wazee wa Kajiado peke yao. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyopo hapa hapa Kabete, waliwafuga Red Maasai, Dorper na machotara wao pamoja kule Diani, Pwani, kati ya 1991 na 1996, kwenye unyevu na minyoo tele. Wanakondoo wa Red Maasai walikuwa na mayai machache kwenye kinyesi, damu yao haikupungua kama ya wenzao, na vifo vilikuwa vichache. Ukijumlisha yote hayo, kundi la Red Maasai liliwazidi Dorper kwa tija mara kadhaa. Kwenye nyanda kavu zaidi, kama Kapiti upande wa Machakos, pengo hilo hupungua sana na Dorper anaweza kuonyesha ukubwa wake. Hapo ndipo penye jibu lenyewe. Huwezi kumtaja dume bora kabla hujataja mahali.

Mtu akiniambia kondoo wake wa Dorper "hawana minyoo kwa sababu nawapa dawa kila mwezi", mimi huomba nimwone mmoja. Namshika kichwa, kidole gumba kimoja kinabonyeza kope la juu, kingine kinavuta la chini, hadi ule utando wa ndani ujitokeze. Kondoo mzima ana utando mwekundu. Mara nyingi ninachokiona mimi ni pinki iliyofifia, au nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na chini ya taya kuna uvimbe laini wa maji. Mwenye mifugo huwa amesimama kando akiwa na chupa ya albendazoli mkononi. Dawa hiyo hiyo ameitumia miaka mitatu mfululizo, kila kondoo kwa kipimo cha kukisia, na minyoo iliyobaki sasa ni ile isiyoshtuka. Usugu huu hapa Kenya si habari mpya. Kadi ya rangi za macho, FAMACHA, ilibuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya mnyoo huyu huyu. Kumbe hata nyumbani kwa Dorper, palipo na mvua, hawategemei chupa peke yake.

Kisha kuna tumbo. Kondoo hula chakula kikavu kama asilimia tatu ya uzito wake kwa siku. Jike wa Red Maasai wa kilo 35 anatosheka na kilo moja hivi. Jike wa Dorper wa kilo 60 anataka karibu kilo moja na robo tatu. Ukiwa na majike 100, tofauti ni kilo 75 kila siku, yaani marobota matano ya nyasi za Boma Rhodes ya kilo 15. Kiangazi cha miezi miwili ni marobota 300 zaidi, yale ya msingi hujayagusa. Waliofuga Kajiado katika ukame wa 2021 na 2022 hawahitaji kuelezwa bei ya robota ilivyopanda, wala ni kondoo gani walilala chini mapema.

Lakini kinachoniudhi zaidi ya yote ni kile ambacho watu hukiita "kuboresha". Mfugaji ana majike wazuri wa Red Maasai. Anaingiza dume wa Dorper. Chotara wa kwanza wanatoka wazuri mno: wamechukua mwili wa baba, wamebaki na sehemu ya ugumu wa mama, na juu yake wana ile nguvu ya mchanganyiko inayokuwa kileleni kizazi cha kwanza. Furaha inamjaa. Basi anawabakiza wale majike chotara na kuwapandisha na Dorper tena. Sasa ni asilimia 75. Mara nyingine tena, 87.5. Kila hatua nguvu ya mchanganyiko inapungua kwa nusu na damu ya kustahimili minyoo inakwenda nayo, na baada ya miaka michache ananipigia simu akiuliza kwa nini wanakondoo wanakufa ilhali "mbegu ni ile ile". Mbegu si ile ile. Ulikuwa na mashine ya kutengeneza chotara wa kwanza, ukaiuza kipande kwa kipande.

Ushauri wangu kwa anayefuga kwa ajili ya kuuza nyama, hasa kutoka Isinya kushuka hadi Namanga, haujabadilika: mama awe Red Maasai, baba wa mwanakondoo wa sokoni awe Dorper, na chotara wote wauzwe. Wote, hata yule jike mrembo ambaye mke wako amempa jina. Swali la haraka linalofuata ni "majike wapya nitawatoa wapi?" na ni swali zuri. Tuseme una majike 100, wanazaa mara moja kwa mwaka, unaachisha wanakondoo 80, na kila mwaka majike 20 wanazeeka au kufa. Kupata majike 20 wa Red Maasai safi unahitaji wanakondoo 40, kwa hiyo majike 50 wapandishwe na dume wa Red Maasai na 50 waende kwa Dorper. Ukiweza kuzalisha mara tatu katika miaka miwili, wanaobaki kwa dume mwekundu wanashuka hadi theluthi moja. Anza na majike wanaozaa mara ya kwanza. Hao kwa vyovyote sipendi wapandwe na Dorper, maana mwili wao bado mdogo na mwanakondoo mwenye mabega mapana akikwama usiku, mchungaji wako hana la kufanya ila kunipigia saa nane. Au achana na hesabu hiyo, nunua majike wa kujazia kutoka kwa wafugaji wa Kimaasai kila mwaka na uwapandishe wote na Dorper. Wafanyabiashara wenye akili wanafanya hivyo kimyakimya.

Kwa hiyo ndiyo, huenda ukahitaji madume wa aina mbili. Dume mwekundu aliye safi siku hizi ni vigumu kumpata kuliko Dorper, kwa sababu kila mtu alikuwa akiboresha. Mtafute kwa makini na umlipe mwenyewe bei nzuri.

Dorper safi baba na mama? Nawaunga mkono walio na ardhi kavu na pana, maji ya uhakika, nyasi zilizohifadhiwa, mizani, na mtu anayejua kusoma macho ya kondoo. Wapo Laikipia, wapo hata Kajiado, na wengi wao pato lao kubwa ni kuuzia watu madume, si nyama. Ukipokea ushauri, kumbuka unatoka kwa nani. Na kwa wale wa Kinangop, Molo na Timau wenye kondoo wa sufu, Corriedale au Merino, swali lenu ni jingine kabisa: huko kwenye baridi dume wa nyama wa Hampshire Down akiwekwa juu ya jike wa sufu huleta mwanakondoo mzuri wa bucha, na sioni sababu ya kuiga watu wa Kitengela na Dorper wao.

"Kichwa cheusi, mwili mweupe: huyo ni Dorper"

Huyo ni kondoo mwenye kichwa cheusi. Kondoo wa Kisomali naye ni hivyo hivyo, na ndiye aliyempa Dorper rangi hiyo. Chotara wa robo Dorper anaweza kutoka na kichwa cheusi kilichokolea kuliko dume wa ukoo. Madalali wanalijua hili vizuri kukushinda. Upande wa pili, White Dorper ni mweupe kichwa na yote na nyama yake haipungui chochote.

Tazama mwili: upana wa kiuno ukiwa umesimama nyuma yake, nyama ya paja la ndani, miguu iliyonyooka, meno ya chini yanayokutana na ufizi wa juu. Ukiuziwa kwa bei ya ukoo, omba karatasi za Kenya Stud Book, daftari la kuandikisha ukoo wa mifugo, na uone mama yake. Muuzaji akisema mama yuko shamba jingine, na ndugu zake wameuzwa, na karatasi ziko kwa mtu Nakuru, rudi nyumbani.

"Nataka dume anayeleta mapacha"

Idadi ya watoto huamuliwa na mayai ambayo jike ameyaachilia. Dume akirutubisha moja, ni mmoja, akirutubisha mawili, ni wawili. Dume aliyezaliwa pacha anaweza kuwapa binti zake tabia hiyo, nao watakuonyesha baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, kama hukuwauza. Kwa mpango niliouandika hapo juu umewauza, kwa hiyo upacha wa dume wa Dorper wa nyama hauna faida yoyote kwako.

Unataka mapacha zaidi? Walishe majike vizuri wiki mbili au tatu kabla ya kuwapandisha. Ila jiulize kwanza kama maziwa ya kuwalea wote wawili yapo. Pacha wawili wanaokufa ni hasara kuliko mmoja aliyenona.

"Dume akiwa mnene ndiyo ana nguvu"

Wateja hulipia mafuta. Dume aliyelishwa nafaka miezi minne ili ang'ae siku ya maonyesho hukaa na mafuta hata kwenye shingo ya mfuko wa korodani, mfuko ukashindwa kupoa, na mbegu zikaharibika kwa joto. Mpeleke huyo kwenye vilima vya Ngong akimbize majike 40, utamkuta amelala kivulini.

Mimi hununua dume nikiwa na tepu ya fundi cherehani mfukoni. Namkalisha, nazishika korodani zote mbili kwa mkono mmoja na kuzishusha chini, kisha nazungusha tepu mahali palipo panene zaidi. Dorper aliyekomaa asiyefika sentimita 32 simchukui, hata akiwa na mgongo kama meza. Red Maasai ni mdogo wa mwili, huyo namlinganisha na wenzake. Kisha nazipapasa kwa vidole hadi chini kabisa: ziwe sawa kwa ukubwa, ngumu kiasi, zinazoteleza, na ule mkia wa mfereji wa mbegu ulio chini ya kila korodani usiwe na uvimbe. Nikikuta uvimbe mgumu, nafikiria Brucella, bakteria wa kuharibu uzazi, na sifanyi biashara. Zoezi zima halimalizi dakika mbili, na sijui kwa nini watu huona aibu kulifanya mbele ya muuzaji ilhali hawaoni aibu kumhesabia noti.

Jambo jingine dogo lenye gharama kubwa: mbegu za dume hutengenezwa kwa takriban wiki saba. Dume aliyeugua homa, au aliyesafirishwa juani kutoka Nanyuki hadi Konza akiwa amebanwa kwenye pikapu, anaweza kupanda majike wote na asishikishe hata mmoja. Mlete miezi miwili kabla.

"Dume mmoja anatosha"

Aliyekomaa, majike 30 hadi 40 malishoni. Mdogo wa miezi minane au kumi, 10 hadi 15, na mpumzishe. Majike 100 kwa dume mmoja utapata mimba, ila zitatawanyika miezi mitatu, na huwezi kuuza kundi lenye wanakondoo wa kila saizi kwa mnunuzi mmoja wa maana.

"Huyu dume wangu ni mzuri, nimekaa naye miaka sita"

Basi amewapanda binti zake, na pengine wajukuu. Unapoanza kuona wanakondoo wanaozaliwa dhaifu, majike wasioshika, taya fupi, usitafute mchawi. Badilishana na mfugaji mwingine kabla binti wa kwanza hawajafikia umri wa kupandwa, na wapimeni wote wawili Brucella kwanza. Dume wa nyama ambaye watoto wake wote wanauzwa anaweza kukaa zaidi, huyo hana binti wa kumsubiri. Hiyo ni sababu nyingine ya kutobakiza chotara, kama bado mnahitaji sababu.

"Nipatie dume sasa, niuze Eid"

Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa hapa, kondoo wa kuchinja Eid hutakiwa awe ametimiza mwaka au ameanza kung'oa meno ya utotoni, asiwe kipofu wala kilema. Mnunuzi wa Eastleigh atamfungua mdomo mbele yako. Miezi mitano na kumi na miwili ni kumi na saba, na Eid yenyewe inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda yetu, kwa hiyo hesabu ya mwaka jana haifai. Kama soko lako ni Eid, panga kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo hadi wiki ya kupandisha, toa miezi miwili ya dume kupumzika, hapo ndipo unapaswa kunipigia.

Kama soko lako ni hoteli na bucha za Nairobi zinazotaka mwanakondoo mdogo asiye na mafuta mengi, hapo chotara wa Dorper anaweza kwenda machinjioni mapema zaidi, na mnunuzi haulizi meno. Pandisha ili majike wazae mvua zinapoanza, mama apate maziwa. Kwa mvua za vuli za mwezi wa kumi, dume anaingia mwezi wa tano. Anayenipigia mwezi wa nane akitaka kuzalisha kwa mvua hizo hizo, au mwezi mmoja kabla ya Eid, namwelekeza soko la Bissil akanunue walionona tayari. Ya dume tutaongea msimu ujao.